Nyumba Isiyopika Chai

Mume wangu ni karani wa mizani pale Katumba.
Kutwa anapima majani ya chai,
Jumamosi anarudi saa nane na kucha za kijani,
shati lake likinukia kikombe
ambacho hatujakigusa tangu tubatizwe.
"Mfinyanzi hulia gaeni," husema Mama Sekela wa jirani,
nami hucheka naye. Nifanyeje? Kasema kweli.

Mwisho wa Mei. Mvua zimechoka,
ukungu umeshuka toka mlima Rungwe
umekaa uani kama mgeni asiyeaga.
Tunachimba viazi. Ipyana kapata kimoja chenye pua,
anasema ni mwalimu wake wa hesabu,
anakificha mfukoni kisije kikapikwa.

Ndipo mama mkwe akatokea na mkungu wa ndizi kichwani,
na ndani ya fundo la kitenge, pakiti ya majani.
Akaiweka mezani. Hakusema ni zawadi.
"Nyumba isiyo na chai," akauliza,
"mgeni atajuaje kwamba amefika?"

Ambokile akaangalia kucha zake.
Mimi nikachuma mchaichai nyuma ya choo cha zamani,
jani lenye chai mara mbili kwenye jina
na chai yenyewe haimo,
nikachemsha na maziwa na tangawizi kidogo.
Mama akanywa. Akatua kikombe.
"Ni maji ya moto yenye adabu," akasema.

Usiku tukala mbalaga na maharage,
tukakomba sufuria hadi likalia,
maana baada ya hapo ni kufunga
mpaka jua la kesho lielekee kuzama.
"Mnakula kama watu wa safari," mama akasema.
Lusekelo, miaka minne, akatangaza naye anafunga.
Saa moja asubuhi alishindwa
mbele ya kiporo cha ndizi, bila majuto.

Jumapili mama akafuata kengele ya Moravian,
kitambaa cheupe kichwani, viatu mkononi kwa ajili ya tope.
Sisi tawi letu liko Mbeya mjini,
na nauli ya wanne mwezi huu imeishia kwenye mbolea,
basi rais wa tawi katuruhusu tusali nyumbani.
Shuka jeupe juu ya meza ileile ya viazi.
Mkate niliouoka jana, umepasuka upande mmoja.
Maji ya bomba kwenye vikombe vidogo.

Ambokile amenawa mara tatu, kwa sabuni na kwa ndimu,
lakini alipopiga magoti akaumega mkate
kijani kilikuwa bado kimo chini ya kucha.
Nilikitazama badala ya kufumba macho.
Nadhani Bwana anawajua wapima majani.

Kisha ushuhuda. Ipyana akasimama, mkono mfukoni:
"Nashukuru kwa viazi. Amina."
Akaketi.
Sikuwa na la kuongeza, nikaongeza tu, kwa mazoea.

Pesa ya milo miwili tukaitia kwenye bahasha.
Ilikuwa nyepesi. Tukaifunga kwa gundi
kana kwamba ingetoroka.

Saa kumi mama akarudi, midomo mikavu.
Kwao kulikuwa na wali wa harambee, nilijua.
"Umekula, mama?"
"Ningekulaje, watoto wangu wana njaa?"
"Kwa hiyo umefunga nasi?"
"Sikufunga. Nilikosa hamu tu."

Akanipokonya mwiko, akafunua sufuria ya mchaichai,
akanusa, akatikisa kichwa.
"Tangawizi yako ina woga," akasema,
akaponda kipande kizima kwa jiwe, akakitosa.
Tukanywa tukikohoa, machozi yakitutoka,
Ambokile akisema "ndaga fijo, mama, ndaga fijo,"
na Lusekelo akiomba tena.

Pakiti ile bado iko juu ya kabati.
Haijafunguliwa.
Kila Jumamosi naifuta vumbi.